Tabita wa Nanyala na Samaki wa Mombasa

Ukitaka kumjua Tabita wa Nanyala, acha kumtazama usoni, mtazame miguu. Miguu ile haikujua kutulia. Akikaa kwenye kigoda kukoroga chai, lori likapiga honi kule kwenye mteremko, keshasimama, mwiko mkononi, shingo ameinyoosha. Alikula amesimama. Kanisani wenzake wakipiga magoti, yeye alibaki wima karibu na mlango, na mchungaji alimsema mpaka akachoka mwenyewe. Majirani walimpa jina la Kiguu na Njia, nao walikuwa wanamwonea, kwa sababu njia alizopita maishani mwake ni ile ya kwenda Itaka kwa ndugu zake, na mara moja tu ile ya Mbeya, alipokwenda kung'olewa jino.

Lakini sasa muulize huyo huyo Tabita mahali pa kula samaki mzuri Mombasa. Loo! Utatafuta pa kukaa.

"Ukishuka kwenye treni," atakwambia, huku anafuta mikono kwenye kaniki yake, "wapagazi watakuvuta huku na huku. Wakatalie. Uliza Mji wa Kale, ushuke kwa miguu kuelekea maji. Ukianza kunusa karafuu na mkojo wa paka, umekaribia. Ingia kichochoro kile chembamba kuliko vyote, ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Kushoto kuna mlango wa misumari ya shaba. Usiingie, huyo tajiri hana habari na wewe. Mlango unaofuata, uliochakaa, ndio wenyewe, ni kwa Bi Mwanatumu. Kaa barazani, nawa mikono, usiulize kuna nini. Atakuletea samaki changu wa kupaka, kachomwa kwa makaa, katiwa tui la nazi mpaka limemshika. Ukikuta siku ya pweza, mshukuru Mungu. Ila usiende Ijumaa adhuhuri, wote wako msikitini."

Yote hayo yanatoka kinywani mwa mwanamke ambaye hakuwahi kuiona bahari hata kwenye picha. Maji mengi kuliko yote aliyoyaona ni ya mto uliofurika masika. Kichochoro, mlango na Bi Mwanatumu alivimezeshwa na mwanawe wa pekee, Hezron, na alivimeza kwa uchungu, maana vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimvuta mwanawe kila siku.

Kwanza tumseme baba wa Hezron, maana bila yeye hamtaelewa kilichomtisha Tabita. Aliitwa Anania, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Katika nyumba yao palikuwa na desturi moja iliyotoka kwa bibi yake Tabita, mzaa mama, sijui naye aliitoa wapi. Mtu wa nyumbani akila hukomba bakuli mpaka ling'ae. Anayesafiri hakombi. Lazima abakize tonge moja na mboga kidogo, alifunike bakuli lake kwa sahani, ndipo ainuke. Bakuli hilo halioshwi siku ile. Linakaa hapo hapo jikoni, na maana yake kila mtu anaijua: sijamaliza kula, narudi.

Anania alipokwenda Lupa kwenye dhahabu, miaka ile watu walipokuwa wakikimbilia huko kama wamerogwa, wenzake walimwita angali anakula. Alikuwa na njaa, alikuwa na haraka, akalikomba bakuli lote, akajifuta mdomo na kuondoka. Tabita alimfuata mpaka barabarani anamwambia, "Baba Hezron, rudi ubakize japo kidogo!" Mwanamume akacheka, akasema hayo ni mambo ya wanawake. Lupa ikampa homa, na homa ikamzika huko huko. Tabita hakuletewa hata shati.

Basi tangu hapo miguu yake ikawa vile. Alijenga kibanda cha nyasi kando ya barabara kubwa, akauza chai, viazi vitamu, ugali na maharage kwa watu wa malori yaliyopita kutoka Tunduma kwenda Mbeya na kuendelea. Kila lori alilitazama kana kwamba limembeba mtu wake.

Vita vya Hitla vilipokuja, Hezron alichukuliwa kuwapikia askari. Siku ile Tabita mwenyewe alimpakulia na kumsimamia, na kijana alibakiza, tena alibakiza nusu bakuli, mama alivyokuwa akimtolea macho. Na kweli alirudi. Ila alichelewa sana, maana vita vilipokwisha alikuwa Mombasa, na badala ya kuja nyumbani akaingia jikoni kwa Bi Mwanatumu kuparua magamba, baadaye akapewa makaa na samaki wa kuchoma. Tabita alituma salamu kwa kila mdomo uliokuwa ukielekea upande ule: njoo, niko peke yangu, shamba limekuwa pori. Akaja.

Alikuja, lakini huyo aliyekuja hakutulia hata kidogo. Akianza mstari wa miche ya kahawa, katikati anaegemea jembe na kutazama barabara. Akikaa kula, anasukuma mlenda pembeni na kusema, "Mama, huko Mombasa muda huu kaa wanatolewa kwenye sufuria, wekundu, moshi unawatoka." Vijana waliokuwa wakijiandaa kwenda kwenye mkonge wa Tanga walimjia jioni kuulizia huko pwani kukoje, naye anawaeleza treni, kichochoro, mlango, baraza. Tabita alikuwa akisonga ugali pembeni na kusikia tena na tena, mpaka neno Mombasa likawa linamchoma.

"Huyu anaondoka," alimwambia Marita, jirani yake, mwanamke mwenye ulimi mkali lakini mwenye moyo wa huruma. "Leo, kesho, anaondoka. Sina usingizi, Marita. Akipita mtu na baiskeli nashtuka."

"Muoze."

"Nimemtajia wasichana wote wa Itaka. Ananiuliza kama wanajua kupara samaki!"

Marita akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, kwa utani tu, "Basi mpikie huyo samaki wake, shetani amtoke."

Marita alisema kwa utani, lakini Tabita hakulichukua neno hilo kwa utani. Lilimkaa. Kama ni samaki, alisema moyoni, samaki nitampa hapa hapa Nanyala, ashibe, akinai, akae. Na hapo mjue kwamba Tabita mwenyewe alikuwa hali samaki. Harufu yake tu ilimtibua. Lakini mama akishaamua!

Akaanza kumchimba mwanawe kidogo kidogo, wakiwa wanachuma kahawa. "Hivi hilo tui, mnalitia kabla ya kuchoma au baada?" Hezron akafurahi, masikini. Mara ya kwanza mama anauliza! Akaeleza kila kitu: samaki anachanjwa ubavuni, anapakwa chumvi, pilipili na ukwaju, anachomwa nusu, kisha tui zito linapakwa juu, anageuzwa, linapakwa tena. Wanalipaka kwa kitu gani? Unyoya wa kuku. Tabita akaitikia "ehee, ehee," na kuendelea kuchuma.

Siku ya soko akatoka na Marita kwenda kuwakuta watu wa Kamsamba, wale wanaopandisha samaki wa Ziwa Rukwa waliokaushwa kwa moshi. Akachagua perege wanene, akawabeba mkono umenyooka mbali na pua. Ukwaju akaupata kwa watu hao hao wa bondeni. Nazi sasa! Nazi Mbozi nzima ungeipata wapi? Aliuliza mpaka kwa Mhindi wa duka, Mhindi akamcheka. Alirudi nyumbani amenuna, akakaa, yaani akasimama, akafikiri. Kisha akatwaa karanga, akazikaanga kidogo tu, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta, akazikoroga na maji ya moto na kuzichuja kwa kitambaa. Likatoka tui jeupe, zito, lenye harufu ya kwao.

"Tui ni tui," alimwambia Marita. "Ng'ombe hawafanani, maziwa yanafanana."

Siku hiyo Hezron alirudi kutoka shamba jua likiwa bado lipo, na harufu ikamkuta njiani. Alisimama mlangoni. Mama yake alikuwa amechuchumaa mbele ya makaa, macho yanamtoka machozi kwa moshi, unyoya wa kuku mkononi, anapaka samaki.

"Nawa mikono," alisema Tabita bila kugeuka. "Usiulize kuna nini."

Kijana akala. Jamani, alikula! Alikula ameinamia bakuli lake la bati, hakusema Mombasa, hakusema Bi Mwanatumu. Alinyonya miiba. Aliongezwa, akala. Mwisho akachukua tonge, akalizungusha ndani ya bakuli mpaka bati likang'aa, kisha akapitisha kidole. Tabita, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, moyo ulimruka. Alipotoka Hezron kwenda kuketi nje, mama alilinyanyua lile bakuli na kulikimbiza kwa Marita.

"Amekomba! Tazama! Amekomba lote, hakubakiza hata punje! Haondoki, Marita, mwanangu haondoki!"

Usiku ule Tabita alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu Anania aondoke. Ndiyo maana hakusikia lori la alfajiri.

Alipoamka, kitanda cha Hezron kilikuwa kimetandikwa na lile koti lake la jeshi halikuwepo ukutani. Marita alikuwa amesimama uani, anafinyangafinyanga ncha ya nguo yake.

"Alipita kwangu," alisema. "Alinikataza nisikuamshe. Kasema nikwambie samaki wako wamemmaliza. Kasema alidhani amesahau, kumbe hajasahau. Kasema akikuaga hataweza kuondoka."

Tabita alitazama mikono yake. "Mimi mwenyewe," alisema. "Mimi mwenyewe nimempikia njia!" Kisha akalikumbuka bakuli. Akaingia jikoni, akalikuta pale alipolitundika kwa furaha, safi, linang'aa. Akalia kilio ambacho hata kwa Anania hakukilia, maana Anania alikomba kwa haraka, lakini huyu amekomba taratibu, mpaka kwa kidole. Hakubakiza kitu. Hatarudi. Hilo ndilo lililomwingia Tabita kichwani siku ile, na nani angelitoa?

Mtu mwingine angewatupa perege waliobaki kwa mbwa. Tabita aliwachoma. Alisema labda harufu itamfuata, itamkuta hata akiwa Mbeya, atageuka. Harufu haikumgeuza Hezron, iliwageuza watu wa malori. Mmoja alionja, akaja na mwenzake. Punde si punde ikawa ukipita Nanyala bila kula samaki wa karanga wa Mama Hezron unaonekana mshamba. Na kila aliyekula alilipa mara mbili, kwa kuwa akimaliza Tabita anamsimamia: "Unafika wapi? Dodoma? Arusha? Kuna mtu unayemjua anakwenda Mombasa? Basi mwambie akishuka kwenye treni, wapagazi awakatalie..." Alieleza njia ile mpaka makuli wa malori wakawa wanaikariri naye kwa pamoja na kuchekana. Alikuwa haionji kamwe ile mboga. Alipika amekunja uso, akatoa, akasimama kutazama barabara. Lori, roho juu. Lori limepita, roho chini. Miaka ikapita hivyo, masika na kiangazi. Nywele zikawa nyeupe na miguu ikavimba, lakini haikukaa.

Katika madereva palikuwa na Watson, Mbemba kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu mpole, mnene, aliyeendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Tunduma. Yeye hakuwahi kuvuka Dodoma, kwa hiyo Tabita hakumpa shida sana, ila ile njia alikuwa ameisikia mpaka ameikariri. Lakini mwaka mmoja akapotea barabarani kwa muda mrefu, na aliporudi alikuwa anaendesha lori jipya linalonuka rangi. Lilikuwa linatoka kaskazini kwenda Tunduma. Akaliegesha, akashuka, akaja anatembea haraka kuliko unene wake ulivyomruhusu.

"Mwapoleni, mayo," alisalimia, maana Wabemba mama humwita mayo. "Leo silali njaa kwako, na wewe hulali na maswali. Nilitumwa Mombasa kulipokea gari hili bandarini."

Mwiko ukamdondoka Tabita.

"Niliwakatalia wapagazi," alisema Watson. "Nikashuka kwa miguu. Mkojo wa paka upo, mayo, hukudanganya. Nikageuka ubavu kwenye kichochoro. Mlango wa misumari nikaupita. Nikakaa barazani, nikanawa, sikuuliza kuna nini."

"Semaa!"

"Wakaniletea samaki. Samaki wa bahari, mkubwa hivi. Nikatia mkono, nikatia mdomoni, nikaduwaa. Mayo, si nazi ile. Ni karanga! Nikauliza wenzangu pale barazani. Wakaniambia Bi Mwanatumu amezeeka, jikoni yuko mtu wa bara, na watu wa mji mzima wanamfuata huyo huyo na karanga zake. Nikaomba nimwone."

Tabita alishika nguzo ya kibanda. Marita, aliyekuwa akimenya viazi, aliacha kumenya.

"Ni yeye," alisema Watson. "Amekonda kidogo, lakini mzima. Nilipomwambia nakupitia Nanyala akakaa chini sakafuni. Akaniuliza kama unaishi. Nikamwambia uhai wako ndio unaotulisha. Nikamuuliza, basi, ndugu yangu, kwa nini hurudi? Akasema anaona haya. Kasema aliondoka bila kuaga na bakuli tupu, na anajua wewe umeshamwapiza. Kasema mama aliyeachiwa bakuli tupu mara mbili hawezi kumpokea."

"Nimwapize? Mimi?" Sauti ya Tabita ilipanda. "Mjinga! Mjinga huyu, mwanangu mimi!"

"Kuna jambo moja lilinishangaza," Watson aliendelea, akiwa ameshakaa na kuvuta bakuli lake. "Tulikula pamoja siku ile. Alipomaliza hakumaliza. Alibakiza tonge moja na kipande cha samaki, akafunika kwa sahani, akaweka juu ya rafu. Watu wa pale wanamcheka, wanasema kila siku ya Mungu anafanya hivyo, tangu alipofika, paka wamenenepa. Nikadhani ni dawa."

Marita alikuwa anamtazama Tabita, na Tabita alikuwa anatazama lile bakuli la bati, alilolihamishia kibandani likatundikwa ukutani miaka yote, ambalo hakumruhusu mtu kulitumia. Mtu wa nyumbani hukomba. Anayesafiri hubakiza. Huko Mombasa, kila siku, miaka yote hiyo, mwanawe alikuwa anakula chakula cha mtu aliye safarini. Hapa kwake alikomba, kwa sababu hapa alikuwa kwao. Na yeye mama mtu akalia mpaka akazeeka!

Tabita akakaa chini. Alikaa kabisa, kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, na Marita anasema alikuwa hajamwona amekaa hivyo tangu enzi za Anania.

"Watson, mwanangu," alisema. "Ukifika Tunduma unageuka lini?"

"Nashusha mzigo, napakia. Kesho asubuhi napita hapa naelekea Dodoma."

"Piga honi."

Kesho yake asubuhi, kabla mteja yeyote hajafika, Tabita alichoma samaki mmoja tu. Alimpaka kwa unyoya, akamgeuza, akampaka tena. Kisha akalitungua lile bakuli la bati, akajipakulia mwenyewe. Marita alikuja akamkuta amekaa, anakula samaki.

"Kulikoni? Wewe na samaki wapi na wapi?"

"Mtamu," alisema Tabita, kwa mshangao wa kweli. "Marita, mbona hamkuniambia? Mtamu sana!"

Marita aliona kifurushi pembeni yake, kanga imefungwa fundo, na mfuko wa karanga juu yake. Akaanza kubisha kwa kelele: miguu yako, umri wako, Arusha kule baridi, treni hujawahi kuipanda, utapotea!

"Nitapotea wapi? Njia yenyewe si naijua?"

Honi ikalia kwenye mteremko. Tabita hakuruka. Alimaliza kutafuna, akatazama ndani ya bakuli. Lilikuwa limebaki tonge moja na kipande cha samaki karibu na mkia, penye karanga nyingi. Alikuwa bado na njaa. Alichukua sahani akalifunika, akalisogeza nyuma ya mafiga mahali ambapo kuku hawafiki.

"Kibanda nakuachia," alimwambia Marita huku anajitwika kifurushi. "Ukwaju uko kwenye chungu. Hilo bakuli usilioshe."